Protini ya chakula na bakteria wa utumbo katika watoto wa nguruwe

Protini ya chakula na bakteria wa utumbo katika watoto wa nguruwe ni mada ya elimu ya lishe ya mifugo inayoeleza jinsi kiasi na aina ya protini anayokula nguruwe mchanga inavyobadilisha jamii ya bakteria wanaoishi ndani ya utumbo wake. Mada hii ina uzito wa pekee katika majuma mawili ya kwanza baada ya mtoto wa nguruwe kuachishwa kunyonya, kwa sababu katika kipindi hicho wengi huhara, hudumaa au hufa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kueleza. Protini iliyomeng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba humjenga mnyama. Protini isiyomeng'enywa huteremka hadi utumbo mpana, na huko huwa chakula cha bakteria. Baadhi ya bakteria hao huigeuza kuwa amonia na kemikali nyingine zinazoudhi ukuta wa utumbo. Kwa hiyo kuongeza protini kwenye chakula si lazima kumuongezee mnyama afya. Pengine huwalisha bakteria kuliko mwenye utumbo.

Kwa wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki, pamoja na wale wa vijiji vinavyozunguka bandari ya Kemondo mkoani Kagera, Tanzania, jambo hili linagusa mfuko moja kwa moja, maana protini ndiyo sehemu ya gharama kubwa katika chakula cha nguruwe.

Bakteria wa utumbo tangu kuzaliwa

Mtoto wa nguruwe huzaliwa akiwa na kilo 1 hadi 1.5 hivi, na utumbo wake karibu hauna bakteria. Ndani ya saa chache hupata bakteria kutoka njia ya uzazi ya mama, chuchu, mavi na sakafu ya banda. Wa kwanza kuenea ni wale wanaostahimili oksijeni kidogo, kama vile Escherichia coli na jamii ya Streptococcus. Hao huimaliza oksijeni iliyomo utumboni, na hivyo huwatayarishia makazi bakteria wasiopenda oksijeni.

Katika siku za kunyonya, bakteria wa jenasi Lactobacillus huongezeka sana. Hao huichachusha laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi laktiki. Asidi hiyo ina kazi kubwa: mfuko wa tumbo wa mtoto wa nguruwe bado hautoi asidi hidrokloriki ya kutosha, hivyo asidi ya bakteria ndiyo inayosaidia kuuzuia ugonjwa usipite kuelekea utumboni. Maziwa ya mama, hasa dang'a ya saa za kwanza, huleta pia kingamwili zinazowakabili vijidudu hatari.

Mtoto anapoanza kula nafaka na majani, jamii ya bakteria hubadilika tena. Bakteria wa jenasi Prevotella, wenye uwezo wa kuvunja wanga na nyuzinyuzi za mimea, huwa wengi katika utumbo mpana. Badiliko hili likitokea polepole, utumbo hutulia. Likitokea kwa siku moja, kama inavyokuwa mtoto anapotenganishwa na mama ghafla, jamii ya zamani huvunjika kabla mpya haijasimama, na vijidudu vya ugonjwa hupata nafasi.

Porini nguruwe huacha kunyonya polepole, na kazi hiyo huweza kuchukua majuma 10 au zaidi. Katika mashamba makubwa ya biashara watoto huachishwa wakiwa na majuma 3 hadi 4. Wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki mara nyingi husubiri majuma 6 hadi 8, na kuchelewa huku ni kinga kwa mtoto, ingawa humchelewesha mama kupata mimba nyingine.

Safari ya protini mwilini

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Mwili hauwezi kuufyonza mnyororo mzima. Lazima ukatwe kwanza. Ukataji huanza katika mfuko wa tumbo kwa kimeng'enya kiitwacho pepsini, ambacho hufanya kazi vizuri mahali penye asidi kali tu. Huendelea katika utumbo mwembamba kwa vimeng'enya vya kongosho, kama vile tripsini. Asidi amino na vipande vifupi vya protini hufyonzwa kupitia vijidole vidogo vilivyojaa kwenye ukuta wa utumbo huo.

Mtoto aliyetoka kuachishwa kunyonya ana matatizo matatu kwa wakati mmoja. Kwanza, laktosi imekatika, kwa hiyo asidi laktiki hupungua wakati ambapo asidi ya mfuko wa tumbo haijatosha. Pili, chakula chenye protini na madini mengi huimeza asidi iliyopo na kuipunguzia ukali, na hapo pepsini hudhoofika. Tatu, kwa kuwa watoto wengi hukataa chakula siku ya kwanza au ya pili, vijidole vya utumbo hufupika, na uwezo wa kufyonza hupungua. Anapoanza kula kwa pupa siku ya tatu, sehemu kubwa ya protini hupita bila kumeng'enywa.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja. Maziwa ya nguruwe yenyewe yana protini nyingi: yakikaushwa maji yote, zaidi ya robo ya kinachobaki ni protini. Hata hivyo mtoto anayenyonya haathiriki nayo, kwa kuwa protini ya maziwa humeng'enywa karibu yote kabla ya kufika utumbo mpana. Kinachodhuru ni protini inayobaki baada ya utumbo mwembamba kumaliza kazi yake.

Protini inapofika utumbo mpana

Bakteria wa utumbo mpana hupata nguvu kwa kuchachusha mabaki ya chakula. Kwa jumla hupendelea wanga na nyuzinyuzi. Wakizipata, hutoa asidi tatu fupi: asidi asetiki, asidi propioniki na asidi butiriki. Asidi butiriki ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizi pia hushusha kipimo cha pH, hali isiyowapendeza bakteria wengi wa ugonjwa.

Wanga ukiisha na protini ikabaki, uchachushaji hubadilika. Bakteria wa jenasi Clostridium na Bacteroides, pamoja na wengine, huzivunja asidi amino na kutoa mazao haya:

- Amonia, ambayo hupandisha pH na kuzisumbua seli za ukuta wa utumbo.
- Amini, kama vile histamini, putresini na kadaverini. Zikizidi huvuta maji kuingia utumboni na kuchangia kuhara.
- Salfidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai viza, itokanayo na asidi amino zenye salfa.
- Fenoli na indoli, ambazo huchangia harufu kali ya mavi ya nguruwe.
- Asidi zenye matawi, kama vile asidi isobutiriki na isovaleriki. Hizi hutokana na protini tu, hivyo watafiti huzipima ili kujua ni protini kiasi gani imechachushwa.

Kwa ufupi, bakteria walewale wanaweza kuwa rafiki au adui kulingana na kile wanacholetewa. Mchango wa chakula si kuleta bakteria wapya tu, bali kuamua nani kati ya waliopo atazidi na atafanya kazi gani.

Kuhara baada ya kuachishwa kunyonya

Ugonjwa unaojulikana zaidi katika kipindi hiki ni kuhara kunakosababishwa na aina fulani za Escherichia coli. Aina hizo zina vinyweleo vya kujishikizia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, navyo huitwa F4 (zamani K88) na F18. Zikishajishika hutoa sumu zinazozifanya seli kumwaga maji na chumvi ndani ya utumbo. Mtoto huhara majimaji, hukaukiwa na mwili na anaweza kufa kwa siku moja au mbili.

Si kila nguruwe hushikwa. Baadhi huzaliwa bila vipokezi ambavyo vinyweleo hivyo hushikilia, na hao hustahimili aina hiyo ya bakteria hata wakiishi nayo banda moja. Baridi, uchafu, msongamano na kuchanganya watoto wa mama tofauti huongeza hatari. Protini nyingi si chanzo pekee, bali huandaa mazingira: asidi hupungua, pH hupanda, ukuta hudhoofika, na bakteria wa ugonjwa hupata chakula tele.

Ubora wa protini

Vyakula viwili vyenye kiasi sawa cha protini kwenye karatasi vinaweza kutofautiana sana utumboni. Maabara hupima protini kwa njia iliyobuniwa na mkemia wa Denmark Johan Kjeldahl mwaka 1883: nitrojeni hupimwa, kisha huzidishwa kwa 6.25. Kipimo hicho hakionyeshi kama protini hiyo itameng'enyeka, wala kama ina asidi amino zinazohitajika.

Soya ina protini nyingi na nzuri, lakini ikiwa mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyokizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Maharage mabichi yana tatizo hilohilo, pamoja na lektini zinazojeruhi ukuta wa utumbo. Kuchemsha au kukaanga vizuri huviharibu vitu hivyo kwa sehemu kubwa. Hata baada ya kupikwa, soya ina protini mbili, glisinini na beta-konglisinini, ambazo huamsha mzio kwa watoto wachanga. Ndiyo maana huanzishwa kwa kiasi kidogo kwanza.

Damu iliyokaushwa kwa moto mkali kupita kiasi huungua na kuwa ngumu kumeng'enywa. Mashudu ya alizeti yenye maganda mengi na mashudu ya pamba yana nyuzi nyingi na lisini kidogo, na ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli. Samaki na mazao ya maziwa humeng'enyeka vizuri zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Kupunguza protini na kuongeza asidi amino

Kwa miaka mingi vyakula vya watoto wa nguruwe katika nchi zenye viwanda viliwekwa protini ya asilimia 22 hadi 24 au zaidi. Lengo lilikuwa kuhakikisha kwamba lisini haipungui. Lisini ni asidi amino inayopungua kwanza katika vyakula vya nafaka. Ikipungua, nyingine zote haziwezi kutumika kikamilifu. Kwa kupandisha protini yote ili kuifikia lisini, asidi amino nyingine zilizidi mahitaji.

Viwanda vilipoanza kutengeneza lisini, methionini, threonini na triptofani kwa bei nafuu, iliwezekana kuzitia peke yake na kushusha protini hadi asilimia 17 au 18. Mwaka 2009 J. M. Heo na wenzake nchini Australia walichapisha jaribio ambalo watoto wa nguruwe waliambukizwa kwa makusudi Escherichia coli ya kuharisha. Waliokula chakula chenye protini ndogo kilichoongezwa asidi amino walihara kidogo kuliko waliokula chenye protini nyingi, na dalili za kuchachuka kwa protini zilipungua.

Mpango huu una mpaka wake. Protini ikishushwa bila kurudisha asidi amino, mtoto hahari lakini pia hakui. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika toleo la mwaka 2012 la mwongozo wake wa lishe ya nguruwe, linakadiria kwamba nguruwe wa kilo 11 hadi 25 anahitaji lisini yenye kumeng'enyeka ya asilimia 1.23 ya chakula, na wa kilo 5 hadi 7 asilimia 1.50. Makadirio haya ni ya nguruwe wa kisasa wanaokua upesi. Wa kienyeji na machotara wanaokua polepole huhitaji kidogo zaidi ya hapo chini, lakini kanuni ni ileile.

Mfano wa Kemondo na mkoa wa Kagera

Kemondo iko ufukoni mwa Ziwa Viktoria, kusini mwa mji wa Bukoba, na ni moja ya bandari za meli zinazotoka Mwanza. Wenyeji wa eneo hili, Wahaya, ni wakulima wa migomba na kahawa. Nguruwe hufungwa kwenye mabanda madogo karibu na nyumba na hulishwa mabaki yanayopatikana: maganda ya ndizi, majani ya viazi vitamu, pumba za mahindi na machicha ya pombe ya ndizi iitwayo rubisi. Vyakula hivi vina wanga na nyuzinyuzi nyingi lakini protini kidogo.

Chanzo cha protini kilicho karibu ni dagaa wa Ziwa Viktoria (Rastrineobola argentea), ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kisha huanikwa juani. Dagaa safi waliokauka wana protini inayozidi nusu ya uzito wao, tena yenye lisini na methionini nyingi, kwa hiyo wanaziba pengo ambalo ndizi na mahindi huliacha.

Tatizo ni ubora. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga huo hadi gunia, na mfugaji hulipia uzito usio na lishe. Siku za mvua dagaa hawakauki vizuri. Huoza au huchacha mafuta, na aghalabu hao ndio wanaouzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha mifugo. Dagaa wa namna hiyo wanaweza kuwa na bakteria kama Salmonella, na pia histamini iliyokwisha kutengenezwa kabla mnyama hajala. Hivyo mfugaji anayenunua protini kwa bei rahisi anaweza kununua ugonjwa pamoja nayo. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini huwa na mchanga kidogo na hukauka upesi.

Hesabu ifuatayo inaonyesha jinsi mchanganyiko wa kilo 100 unavyoweza kupimwa, kwa kutumia viwango vya kawaida vya protini:

- Mahindi yaliyosagwa, kilo 60 zenye protini asilimia 9: kilo 5.4
- Soya iliyopikwa na kukaushwa, kilo 20 zenye asilimia 36: kilo 7.2
- Dagaa safi, kilo 8 zenye asilimia 55: kilo 4.4
- Pumba za mahindi, kilo 10 zenye asilimia 10: kilo 1.0
- Madini, vitamini na chumvi, kilo 2: hakuna protini

Jumla ni kilo 18 za protini, yaani asilimia 18. Mfugaji akiongeza dagaa hadi kilo 18 na kupunguza mahindi hadi kilo 50, protini hupanda hadi asilimia 22.6. Gharama huongezeka, na mtoto aliyeachishwa juzi hawezi kuimeng'enya protini yote hiyo. Mchanganyiko wa kwanza una lisini ya karibu asilimia 1, iliyo chini ya makadirio ya Marekani, hivyo utamkuza nguruwe polepole zaidi kama lisini ya kiwandani haikuongezwa. Kwa mfugaji mdogo mara nyingi ukuaji wa polepole ni hasara ndogo kuliko kifo cha watoto watatu wa uzao mmoja.

Majani machanga ya viazi vitamu na maganda ya ndizi yaliyopikwa yana faida nyingine: nyuzinyuzi zake huwapa bakteria wa utumbo mpana kitu cha kuchachusha badala ya protini. Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa majani, hakuna nafasi ya chakula chenye nguvu, kwa hiyo majani hutolewa kama nyongeza tu. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Kamuli, taasisi za kimataifa za utafiti wa mifugo na viazi zimewafundisha wafugaji kuhifadhi majani na mizizi ya viazi vitamu kwa kuyachachusha yakiwa yamefungwa yasipate hewa. Uchachushaji huo hufanywa na bakteria wa asidi laktiki, jamaa wa wale wanaomlinda mtoto anyonyaye.

Jambo la mwisho ni ushindani na binadamu. Dagaa ni kitoweo cha bei nafuu kwa familia nyingi za kanda ya ziwa. Kila kilo inayopita kwenye utumbo wa nguruwe bila kumeng'enywa ni kilo iliyokosekana mezani.

Viuavijasumu na zinki

Tangu miaka ya 1950 wafugaji wa Marekani na Ulaya walitia viuavijasumu kidogokidogo katika chakula cha nguruwe, kwa kuwa viliongeza ukuaji na kupunguza kuhara. Baadaye ilidhihirika kwamba desturi hiyo huwazoesha bakteria dawa, na bakteria sugu huweza kumfikia binadamu. Sweden iliikataza mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Wafugaji wa Ulaya waligeukia oksidi ya zinki kwa kiwango kikubwa, lakini zinki hubaki kwenye mavi na kurundikana ardhini. Matumizi yake kama dawa ya kuhara yalisimamishwa katika Umoja wa Ulaya mwezi Juni 2022. Makatazo hayo mawili ndiyo yaliyowarudisha watafiti kwenye swali la protini.

Tanzania ilitoa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa kwa miaka 2017 hadi 2022. Vijijini, dawa kama oksitetrasaiklini hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo, na watoto wa nguruwe wanapohara ndiyo inayokimbiliwa kwanza. Pale chanzo cha kuhara kinapokuwa chakula, dawa huweza kutuliza kwa siku chache, huku ikiwaua pia bakteria wema. Chakula kisipobadilika, kuhara hurudi. Kumpa mtoto maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi humwokoa asikaukiwe, na daktari wa mifugo ndiye wa kuamua kama dawa inahitajika.

Mazingira

Nitrojeni ya protini isiyotumika hutoka kwenye mkojo na mavi. Kila protini ya chakula inaposhushwa kwa asilimia moja, tuseme kutoka 20 hadi 19, nitrojeni inayotolewa na nguruwe hupungua kwa kadiri ya asilimia 8 hadi 10. Harufu ya banda hupungua pia. Katika kibanja cha Kihaya samadi hurudishwa kwenye migomba, hivyo sehemu ya nitrojeni haipotei. Lakini mabanda yaliyo karibu na ziwa au vijito huweza kuifikisha majini, ambako huchochea magugu na mwani.

Tazama pia

- Nguruwe-kaya
- Protini
- Asidi amino
- Bakteria
- Utumbo mpana
- Dagaa
- Kiuavijasumu
- Ziwa Viktoria
- Kemondo